Sauti Iliyopunguzwa: Muziki wa Gitaa, Kaseti na Wasikilizaji wa Thika na Ruiru

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana mazoea ya kuipima kazi ya upinzani kwa maneno yake. Tunapofundisha Sauti ya Dhiki (1973), diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani, tunamkabidhi mwanafunzi matini, tunamwelekeza kwenye mafumbo, kisha tunamtaka atueleze mtunzi alikuwa akimlenga nani. Mbinu hii imetufaa kwa ushairi ulioandikwa. Makala haya yanadai kwamba haitufai vya kutosha tunapozikabili nyimbo zilizosikilizwa na watu kwa hofu, kwa sababu sehemu kubwa ya maana ya nyimbo hizo haikuwa katika maneno. Ilikuwa katika namna zilivyosikilizwa: nani alikuwepo, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na sauti ilipunguzwa wakati gani.

Mfano wetu ni muziki wa gitaa uliosikika Thika, Ruiru na katika barabara inayoiunganisha miji hiyo miwili, hasa katika mwaka wa 1990. Mwandishi alikulia Ruiru na wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi. Kwa hiyo sehemu ya ushahidi utakaotolewa ni kumbukumbu za mtoto. Hatutaificha kasoro ya ushahidi wa aina hii. Tutaijadili mahali pake, kwani kasoro yenyewe ina jambo la kutufundisha.

Roki gani Thika?

Msomaji ana haki ya kuuliza. Katika nchi za Magharibi, muziki wa roki wenye kuzingatia hali ya jamii una historia inayojulikana: gitaa la umeme, vijana, vita vya Vietnam, haki za watu weusi. Kenya nayo ilikuwa na roki yake ya Kiafrika. Miaka ya 1970 bendi ya Matata ilitoka Nairobi na kurekodi London. Lakini muziki huo ulikuwa wa klabu za mjini, na mfanyakazi wa kiwanda wa Thika hakuuhesabu kuwa wake.

Kazi ambayo roki iliifanya kwingineko, yaani kumpa kijana gitaa la umeme na ruhusa ya kusema yanayomkera, katika eneo letu ilifanywa na benga na muziki wa Kikuyu uliokuwa jirani ya benga. Mwanamuziki anayepaswa kutajwa kwanza ni Joseph Kamaru (1939–2018), mzaliwa wa Kangema katika Murang'a. Kamaru alianza kujulikana miaka ya 1960. Baada ya mbunge J.M. Kariuki kuuawa mwezi Machi 1975, alitoa wimbo wa kumwomboleza ambao haukuwapendeza watawala. Mwaka 1980 alifuatana na Rais Moi katika ziara ya Japani na akatunga wimbo kuhusu safari hiyo. Mwishoni mwa muongo huohuo alikuwa miongoni mwa waliosikika wakiulalamikia utawala uleule, na mwaka 1993 aliacha nyimbo za kidunia akageukia za Injili.

Mhakiki anayetafuta msimamo mmoja wa mtunzi atachoka na maisha ya namna hii. Atalazimika kuamua kwamba Kamaru alikuwa mwanamapinduzi aliyelegea, au msifu aliyezinduka. Msikilizaji wa Ruiru hakuwa na shida hiyo. Aliuchukua wimbo uliomfaa, akauacha usiomfaa, wala hakumdai mtunzi hesabu ya misimamo yake. Hapa tayari tunaona kwamba historia ya wasikilizaji haifuati njia moja na historia ya watunzi.

Sala kama silaha: ukoo wa mbinu

Nyimbo zilizosakwa na polisi katikati ya mwaka 1990 hazikutokea ghafla. Zina ukoo, na ukoo huo ni wa Ukikuyu wote, ukiwamo mkoa wa zamani wa Kati ambamo Thika na Ruiru zimo. Mwaka 1929, katika mzozo wa tohara ya wanawake baina ya wamishenari na Wakikuyu, ulizuka wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu. Uliwakejeli wamishenari, machifu na serikali, na ukaenea upesi hata serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku Januari 1930. Muthirigu ulisema wazi, na kwa kusema wazi ukatambulika upesi na kuzuiwa upesi.

Kizazi kilichofuata kilijifunza. Katika miaka ya 1940 na 1950, nyimbo za harakati zilizokuja kuitwa Mau Mau zilitungwa kwa mahadhi ya nyimbo za kanisani. Louis Leakey, katika kitabu chake Defeating Mau Mau (1954), alilitambua jambo hili na kulieleza: Mzungu aliyepita karibu na mkutano na kusikia mahadhi ya kanisani hakuwa na sababu ya kusimama. Tofauti ilikuwa kwa msikilizaji. Aliyekuwa ndani ya duara alisikia siasa. Aliyekuwa nje alisikia ibada. Wimbo ulikuwa mmoja, masikio yalikuwa mawili.

Miongoni mwa waliozikusanya nyimbo hizo ni mwanahistoria Maina wa Kinyatti, ambaye mkusanyo wake Thunder from the Mountains ulichapishwa mwaka 1980. Wakati huo alifundisha katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, pale Kahawa, kabla ya kufika Ruiru ukitokea Nairobi. Mwaka 1982 alikamatwa akafungwa miaka sita kwa kupatikana na maandishi yaliyodaiwa kuwa ya uchochezi, akaachiliwa Oktoba 1988. Shtaka halikuhusu nyimbo. Hata hivyo watu walioishi kando ya barabara ile walijua kwamba mwalimu aliyekusanya nyimbo za zamani yuko gerezani, na kila mmoja alijiongezea maelezo yake.

Sasa tuyatazame majina ya nyimbo za 1990. Mahoya ma Bururi, wa Kamaru, maana yake ni maombi ya nchi. Nituhoye Ngai ni tumwombe Mungu. Thiina wa Muoroto ni shida ya Muoroto, mtaa wa mabanda wa Nairobi uliobomolewa Mei mwaka huo. Mathina ma Matiba ni matatizo ya Matiba. Sala mbili na maombolezo mawili. Mwanafunzi anayepewa majina haya bila mwaka wala mahali angeweza kudhani ameletewa orodha ya nyimbo za kwaya. Nyanya yangu, aliyekuwa msichana wakati wa Hali ya Hatari, hakudhani hivyo. Alipoisikia kaseti mojawapo kwa mara ya kwanza alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba watu wameanza tena kuomba. Neno "tena" ndilo lililobeba uhakiki wake wote.

Mwaka wa 1990 barabarani

Muktadha unajulikana, nasi tutaupitia kwa haraka. Februari 1990 waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa. Tarehe 3 Mei Kenneth Matiba na Charles Rubia walitoa wito hadharani wa kurejeshwa kwa vyama vingi. Tarehe 4 Julai walitiwa kizuizini. Tarehe 7 Julai, siku iliyopewa jina la Saba Saba, mkutano uliokusudiwa kufanyika Kamukunji ulizimwa na ghasia zikaenea nje ya Nairobi, Thika ikiwa mojawapo ya miji iliyoguswa. Katika majuma hayo polisi waliwakamata watu kwa kuuza au kupiga kaseti zilizodaiwa kuwa za uchochezi. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, na stesheni za binafsi hazikuanza hadi 1996.

Kaseti ndiyo iliyouvunja ukiritimba huo, na inafaa tueleze namna ilivyofanya kazi. Santuri ilihitaji kiwanda, na kiwanda kina mlango ambao askari anaweza kuubisha. Kaseti ilihitaji redio yenye sehemu mbili za kaseti na saa moja ya umeme. Aliyenunua moja alitoa nne. Kila nakala ilikuwa na mvumo zaidi ya ile iliyoizaa, hata ikafika mahali gitaa la besi likawa ngurumo na maneno yakahitaji kukisiwa. Haikuwa na jalada, haikuwa na jina la mwimbaji. Pengine iliandikwa kwa kalamu "Kwaya" au haikuandikwa chochote. Wanamuziki wenyewe walilalamika kuhusu wizi wa kazi zao, na walikuwa na haki. Lakini wizi uleule uliowanyima mapato ndio uliowafikisha mahali ambapo redio isingewafikisha.

Matatu ilikuwa redio ya pili. Kutoka Ruiru hadi Thika ni mwendo mfupi, na siku hizo sehemu kubwa ya njia ilipita katikati ya mashamba ya kahawa, kisha mkonge upande wa Juja. Abiria walikaa wakielekeana, magoti yakigusana. Jumamosi baba alinichukua kwenda naye Thika, alikofanya kazi kiwandani. Ninachokumbuka zaidi si wimbo wowote bali mkono wa dereva. Tulipokaribia kizuizi cha polisi mkono ulishuka kwenye redio na sauti ikapungua, haikuzimwa. Hakuna abiria aliyeuliza kwa nini. Makanga alianza kuzungumza na mtu kuhusu bei ya viazi. Askari aliinama, akatazama, akapokea alichopokea, akatupungia. Baada ya mita mia mbili sauti ilipanda tena, na hapo ndipo watu waliponguruma kidogo, kama watu waliokuwa wamezuia pumzi pamoja.

Kitendo hiki kidogo kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki beti. Dereva angezima redio kabisa, angekuwa mtu mwoga tu. Angeiacha ilie, angekamatwa. Kwa kuipunguza aliwatangazia abiria kumi na kadhaa kwamba wimbo huu ni ule, na kwamba wote waliomo sasa ni washiriki. Abiria asiyejua Kikuyu, aliyekuwa hajafahamu neno hata moja, alifahamu yote kwa sauti iliyopungua.

Kiswahili cha uani

Jambo hilo la mwisho linatufikisha kwenye swali ambalo mhariri wa jarida la Kiswahili ana haki ya kutuuliza: nyimbo za Kikuyu zinatuhusu nini? Thika ni mji wa viwanda, na ng'ambo yake kuna mashamba makubwa ya mananasi. Wafanyakazi wametoka Ukambani, Magharibi, Nyanza na kwingineko. Katika ploti tuliyoishi Ruiru, nyumba za chumba kimoja kimoja zilizoelekea ua mmoja wenye bomba moja la maji, palikuwa na lugha za mama zisizopungua tano. Jioni kaseti ilipowekwa, Wakikuyu walisikiliza na wengine walisubiri. Kisha mtu aliulizwa: "Amesema nini huyu?" Jibu lilitolewa kwa Kiswahili.

Tafsiri hizo hazikuandikwa popote. Zilikuwa fupi, zilipungukiwa na vina na mizani, na mara nyingi ziliongeza mambo ambayo mwimbaji hakuyasema. Jirani mmoja, fundi wa kushona, alikuwa na tabia ya kuutafsiri wimbo kwa kuuhamishia kwetu: mwimbaji akiwataja waliobomolewa nyumba, yeye alisema ni kama hawa wa kando ya reli yetu, mwimbaji akimwomba Mungu atazame nchi, yeye alisema anaomba mshahara. Mama mmoja wa Kakamega alimjibu kwamba basi huo ni wimbo wake pia. Tunaweza kulaumu tafsiri ya namna hiyo kwa kutokuwa aminifu. Lakini kwa mtazamo wa historia ya fasihi, ilikuwa mahali ambapo malalamiko ya jamii moja yalianza kuwa ya tabaka. Kiswahili cha uani kiliufanyia wimbo jambo ambalo mtunzi wake hakulifanya, na pengine hakulikusudia.

Tusiyatukuze mambo kupita kiasi. Kuna waliosubiri tafsiri wasiipate, na wapo waliochoka kusubiri wakaingia ndani. Lugha ya wimbo iliyokuwa ngao dhidi ya askari ilikuwa pia ukuta dhidi ya jirani. Uchaguzi wa 1992 ulipofika na kura kufuata makabila kwa kiasi kikubwa, ukuta huo ulionekana. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walishtakiwa kwa tuhuma kwamba nyimbo zao zilikuwa na chuki dhidi ya jamii nyingine. Hatuamui hapa uzito wa tuhuma hizo. Tunasema tu kwamba duara lililolindwa kwa lugha moja linaweza kulinda wanyonge leo na kuwatenga wengine kesho, na kwamba wahakiki tuliosifu uficho wa miaka ya 1990 tulipaswa kuliona hilo mapema. Vijana wa Dandora waliounda kundi la Kalamashaka katika miaka ya 1990 waliliona. Walichagua Kiswahili na Sheng, na hakuna jirani aliyelazimika kuuliza wamesema nini.

Kumbukumbu na makosa yake

Kwa miaka mingi niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba siku ya Saba Saba nilikuwa ndani ya matatu, na kwamba redio ilikuwa ikipiga Mathina ma Matiba. Mama alinisahihisha. Siku hiyo, Jumamosi, hatukutoka. Baba alifunga mlango kwa komeo, na ili watoto tusisikie kelele za nje aliweka kaseti ya binamu yangu. Ilikuwa ya Tracy Chapman.

Albamu ya kwanza ya mwanamke huyo Mmarekani mweusi ilitoka mwaka 1988. Mwaka huohuo alikuwa katika msafara wa muziki wa shirika la Amnesty International, pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, msafara uliofika Harare na Abidjan. Kaseti zake zilipendwa Kenya. Katika nyumba yetu hakuna aliyeyafuata maneno yake yote. Binamu alitueleza kwamba mmoja wa nyimbo hizo unazungumzia mapinduzi na mwingine gari, nasi watoto tukaunganisha tukadhani ni mapinduzi ya gari, yaani ajali.

Kosa langu lilinisumbua mpaka nilipolifikiria kama mhakiki. Kwa nini kumbukumbu ilibadilisha kaseti? Kwa sababu nyimbo zote mbili zilisikilizwa kwa namna moja: mlango umefungwa, sauti chini, wazazi wakitazamana. Mtoto hakuhifadhi maneno. Alihifadhi hali ya kusikiliza, na baadaye mtu mzima akaijaza hali hiyo kwa wimbo uliostahili. Mtafiti anayekusanya masimulizi ya wakati ule atakutana na makosa ya aina hii kila siku. Asiyatupe. Tarehe zinaweza kuwa za uongo huku kiwango cha sauti kikiwa cha kweli.

Jirani mwingine, aliyeuza kaseti karibu na stendi, alikamatwa mwezi huo. Alikaa siku kadhaa, na aliporudi aliuza nguo za mitumba na hakuzungumzia muziki tena. Usiku aliokamatwa, baba alikusanya kaseti tatu alizonunua kwake. Kaseti ya dukani huvunjwa kile kipande kidogo cha plastiki cha juu ili isirekodiwe tena. Baba alijaza matundu kwa karatasi iliyotafunwa, akarekodi kwaya ya kanisa letu juu ya nyimbo zote. Nilimsaidia kubonyeza. Nilidhani ni mchezo.

Moja ya kaseti hizo bado ipo. Kwaya inamaliza mapema kidogo kuliko ukanda, na baada ya kimya kifupi zinasikika sekunde chache za gitaa na sauti ya mwanamume inayoanza neno lisiloisha. Nimewasikilizisha watu wanaoujua muziki huo. Kila mmoja ametaja wimbo tofauti. Kwa mbinu zetu za kawaida hiyo si matini, na hakuna cha kuhakiki. Nami nasema hiyo ndiyo hati kamili ya mwaka 1990 niliyonayo: sala juu, wimbo chini, na kati yake mikono ya mzazi aliyeogopa.

Hitimisho

Vifungu vya sheria kuhusu uchochezi viliondolewa mwaka 1997. Stesheni za lugha za kienyeji zilifuata, na nyimbo zilizopigwa kwa kunong'ona zikapigwa mchana kweupe kati ya matangazo ya sabuni. Wengi waliozisikia upya walisema hazina makali waliyoyakumbuka. Hawakukosea. Makali hayo hayakuwa ndani ya ukanda peke yake.

Ushahidi wa karibuni unatuelekeza hukohuko. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, mojawapo ya nyimbo zilizosikika zaidi ilikuwa Anguka Nayo wa kundi la Wadagliz. Ni wimbo wa kucheza, usiotungwa kwa ajili ya siasa. Vijana waliucheza mbele ya askari, nao ukawa wa siasa. Mhakiki atakayeuchukua maneno yake miaka thelathini baadaye na kuyachambua kwa fani na maudhui atashangaa kwa nini uliwatia watu ujasiri.

Tunapendekeza, basi, kwamba somo la wimbo wa upinzani katika idara zetu lianze na maswali mengine kabla ya kufikia mafumbo na tashbihi. Wimbo ulipigwa kwa chombo gani? Nani alimfasiria nani? Sauti ilipunguzwa wapi? Wengi walioweza kujibu maswali haya kuhusu 1990, madereva, mafundi wa kushona, wauza kaseti, ni wazee sasa au wameshatutoka. Nyanya alifariki kabla sijamuuliza watu waliomba nini mara ya kwanza.